Chupa Iliyojaa Madume

Asubuhi ya kwanza niliwahesabu mpaka mia mbili na kumi, nikachoka. Nzi wa matunda walikuwa wamejazana ndani ya chupa ya soda ya lita mbili niliyoitundika kwa waya kwenye mwembe wa mama, pale Butula, Busia, na maji ya sabuni yaliyokuwa chini ya chupa yalishageuka uji wa mabawa na migongo ya kahawia. Nikapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp na maneno manne: "Msimu huu tunauza maembe." Kaka yangu wa Kisumu akajibu kwa vikaragosi vitatu vya makofi.

Wiki tatu baadaye mama alipasua embe ngowe la kwanza kuiva vizuri, akaniwekea nusu mezani bila kusema kitu. Ndani mlikuwa na funza weupe, wadogo, wale ambao ukiwagusa wanajikunja kisha wanaruka kama waliokanyaga moto.

"Baba," akasema, maana nimebeba jina la babake, "hawa nao wametoka chupani?"

Ningekuwa mtu mwingine ningejitetea. Lakini mimi hulipwa mshahara kwa kuhesabu wadudu. Kama kuna mtu kijijini kwetu aliyepaswa kujua kwamba mtego kujaa ni jambo moja na embe kupona ni jambo jingine, mtu huyo ni mimi.

Kazi yangu iko Naivasha, kwenye shamba moja la maua kando ya ziwa, na cheo changu ni skauti. Si skauti wa skafu na kamba. Asubuhi napewa safu zangu za waridi, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kalamu na fomu. Naligonga ua juu ya karatasi nyeupe, nahesabu kinachodondoka. Mara nyingi kinachodondoka ni thripsi, mdudu mwembamba wa milimita moja au moja na kitu, ambaye usiyemzoea utadhani ni uchafu wa kalamu. Akiikwaruza petali ingali changa, ua linafika Uholanzi likiwa na makovu ya kahawia, na hapo halina mnunuzi.

Juu ya safu zetu hutundikwa karatasi za gundi za buluu. Thripsi huvutwa na buluu. Nzi weupe na vidukari huvutwa zaidi na manjano. Karatasi nyingine hufungiwa kifuko cha harufu, kwa sababu rangi humwita aliye karibu lakini harufu humwita aliye mbali. Mojawapo ya harufu zinazojulikana siku nyingi kumvuta thripsi ni anisaldehidi, harufu tamu inayopatikana katika maua ya aina nyingi. Mdudu huyu hula petali na chavua, kwa hiyo kwake harufu ya ua ni harufu ya jikoni.

Hapa kuna jambo ambalo wageni hawaamini mpaka waingie wenyewe. Grinihausi yenye maelfu ya waridi hainukii. Inanuka maboksi yaliyoloa, dawa, na jasho letu. Waridi za kuuza nje zimechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa shina na kwa siku zinazokaa kwenye chombo cha maji kabla ya kunyauka, na harufu ikadondoka njiani bila mtu kuinama kuiokota. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa kimeng'enya kimoja kiitwacho RhNUDX1 kina kazi kubwa katika kutengeneza jeranioli, mojawapo ya harufu kuu za waridi, na kwamba katika waridi zisizonukia kimelala. Kwa hiyo sisi tunanunua harufu ya ua kwenye kifuko, tunaitundika katikati ya maua. Nimeshalizoea hilo, lakini kuna siku linanichekesha peke yangu mpaka wenzangu wananiuliza kuna nini.

Supavaiza wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Siku nilipojisifu kuwa karatasi yangu imenasa thripsi wengi kuliko za wote, alinitazama hivi, akaniambia: "Karatasi haiui. Karatasi inasema. Sasa niambie imesema nini." Sikuwa na jibu. Ilikuwa imesema kwamba mlango wa upande ule una tundu kwenye wavu, nami nilikuwa nimesimama chini ya tundu hilo nikijipongeza.

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani miaka sita. Nilipopanda basi la kwenda Busia kwa likizo, naona niliyaacha kwenye chumba changu pale Karagita, Naivasha.

Wazo la chupa lilitokana na hasira. Miembe ya mama ni saba: miwili ya ngowe, mingine ya kienyeji yenye nyuzi zinazokwama menoni. Nilipokuwa mdogo tulikula tukashiba na yaliyozidi mama akayabeba hadi Bumala kwenye lami. Siku hizi embe likigeuka rangi tu, tayari lina alama ndogo nyeusi ya sindano, na siku mbili baadaye liko chini. Nzi anayefanya hivi si wa kwetu. Alitoka Asia, akaonekana Kenya mara ya kwanza upande wa Pwani mwaka 2003, na 2005 wataalamu wakampa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Miaka kumi baadaye wakakubaliana kwamba si mdudu mpya, ni yuleyule Bactrocera dorsalis aliyekuwa akiisumbua Asia tangu zamani. Jina la uvamizi likafutwa. Uvamizi wenyewe uko palepale. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na zuio hilo likakaa miaka saba.

Nilikuwa nimesoma kwamba chambo cha nzi huyu kinaitwa methili yujenoli, na kwamba ni jamaa wa yujenoli, ambayo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Mke wangu ni mtu wa Mombasa. Karafuu kwetu haikosi. Nikachemsha kiganja kizima, nikaipoza, nikaitia kwenye chupa. Nyumba ilinukia pilau siku nzima. Chupani waliingia siafu wawili na nyuki mmoja aliyepotea.

Tofauti ya yujenoli na methili yujenoli ni ndogo mno ukiichora: kaboni moja na hidrojeni zake, basi. Kwa pua yangu zote ni viungo. Kwa nzi, moja ni mwito na nyingine ni kelele za barabarani. Hilo lilinifundisha kuliko kitabu. Harufu ni kama funguo, na mlango wa jirani haufunguki eti kwa sababu tu funguo zenu zinafanana.

Basi nikaenda agroveti Kisumu nikanunua chambo chenyewe, kitufe kidogo kilicholoweshwa. Muuzaji aliniambia nisikishike kwa mkono mtupu, nami nikamtii, ingawa ni baadaye nilipojua sababu nzuri ya kumtii: mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka methili yujenoli kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ukiitumia, vaa glovu, na usiitundike jikoni.

Historia ya chambo hiki naipenda. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mtaalamu wa wadudu Mwingereza, F. M. Howlett, akifanya kazi Pusa, India. Jirani yake alijipaka mafuta ya sitronela, yatokayo kwenye nyasi jamaa ya mchaichai, ili kufukuza mbu. Mbu sijui, lakini nzi wa matunda walimwandama kwa wingi. Howlett akachunguza, akakuta kwamba wote waliokuja ni madume. Aliandika hayo mwaka 1912, na kufikia 1915 alikuwa ameshaitambua methili yujenoli kuwa ndiyo kiini cha mwito ule. Mtu alitaka kufukuza mdudu mmoja akamwalika mwingine. Zaidi ya miaka mia baadaye bado tunatumia kosa lake.

Madume. Neno hilo nililisoma, nikalipita mbio.

Mke wangu hakulipita. Alikuja Butula wiki ile ya aibu ya embe, akaichukua chupa, akaielekeza kwenye jua, akaniomba lenzi. Jike wa nzi huyu anatambulika kirahisi, tumbo lake linaishia kwenye ncha kama sindano ya cherehani, ndiyo anayotoboa nayo tunda. Alitazama weee. Kisha akaniuliza:

"Baba watoto, mbona humu hamna mwanamke hata mmoja?"

Nikamweleza nilichokuwa nimesoma. Kwamba dume wa nzi huyu hula methili yujenoli kwenye maua na mimea iliyo nayo, mwili wake ukaigeuza, akaihifadhi kwenye tezi nyuma ya tumbo, na jioni ikifika akaitoa kama manukato. Kwamba majaribio yameonyesha jike humpendelea dume aliyekula kuliko ambaye hakula. Kuna hata maua ya okidi, ya jamii ya Bulbophyllum huko Asia, yasiyompa nzi asali wala chavua ya kula. Yanampa harufu hiyo peke yake, naye kwa furaha yake anabeba chavua kutoka ua hadi ua.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwao, jioni ya harusi, wanawake huvaa kikuba: asmini, mrihani, mkadi, vimefungwa pamoja na kubanwa kwenye nywele au nguo. Asmini huchumwa ikiwa bado imefumba, ifumbuke usiku ikiwa mwilini. Anajua mambo ya manukato na wakati wake.

"Kwa hiyo," akasema, "umefungua duka la udi. Mabwana harusi wamekuja kununua, umewafungia mlango. Na mabibi harusi wako mtini wanataga, maana walishaolewa juzi."

Sijasoma popote maelezo bora ya tatizo la chambo hiki. Jike akishapandwa, anahifadhi mbegu za dume mwilini na anaendelea kutaga bila kumhitaji tena. Na dume mmoja aliyesalia anaweza kupanda majike wengi. Ukiwanasa madume tisa kati ya kumi umepunguza msongamano wa mabwana harusi, harusi bado ziko. Ndiyo maana njia hii inafaulu pale tu ambapo karibu madume wote wanamalizika kwa pamoja, katika eneo lote, tena lisilopokea wageni. Ilifaulu hivyo kwenye kisiwa cha Rota, huko Mariana katika bahari ya Pasifiki, mwanzoni mwa miaka ya 1960: vipande vya ubao laini vilivyoloweshwa methili yujenoli na sumu vilidondoshwa kwa ndege kisiwa kizima, tena na tena, mpaka nzi akatoweka. Japani nayo ilitumia njia hiyo kwenye visiwa vyake vya kusini, na kufikia 1986 ikawa imemmaliza.

Rota ni kisiwa. Butula si kisiwa. Kila uzio una mwembe wa kienyeji ambao hakuna aliyeupanda, na chini yake mpera, na mpera nao ni nyumba ya nzi huyohuyo. Chambo changu kilikuwa kikiwaita madume kutoka mamia ya mita, kwa majirani ambao hawakuwa na habari. Nilikuwa nanasa nzi wa kata nzima, kisha najisifu kana kwamba ni wa mama.

Tena kuna nzi mwingine, wa Afrika hii hii, Ceratitis cosyra, naye hutaga kwenye maembe. Methili yujenoli haimshughulishi kabisa. Unaweza kumtundikia chupa kumi akapita akiimba.

Baada ya hapo nilianza kutafuta kama kuna wengine waliowahi kudanganywa na mtego wao, maana mtu akiaibika hupenda wenzake. Nikawapata Marekani. Kuna mbawakawa mmoja wa kijani na shaba aliyetoka Japani akaonekana New Jersey mwaka 1916, anakula majani ya waridi mpaka yanabaki nyuzi tupu. Mtego wake wa kawaida una chambo cha maua: jeranioli ya waridi, yujenoli ya karafuu, na kemikali ya tatu ya jamii ileile ya harufu tamu. Watu huununua dukani, wanautundika bustanini, na kwa siku chache tu mfuko unajaa mpaka unanuka. Mwaka 1985 Gordon na Potter wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliripoti walichokipata walipopima: mimea iliyokuwa karibu na mitego ililiwa zaidi. Mtego uliita mbawakawa wengi kuliko uliowanasa. Waliobaki wakaona wameshafika karamuni, wakala kilichokuwa mezani.

Mbawakawa hao huja madume na majike pamoja, na hapo ndipo harufu ya ua inapotofautiana na harufu ya jike. Mitego mingi ya nondo duniani hutumia harufu ya jike, hivyo huleta madume tu. Harufu ya ua ni harufu ya chakula, na njaa haichagui jinsia. Fenilasetaldehidi, yenye utamu kama wa asali, huwavuta nondo wa kike kwa wa kiume, wakiwemo wale ambao watoto wao ni viwavi wa kabichi na maharagwe. Cantelo na Jacobson waliitambua mwaka 1979 kutoka kwenye mmea mmoja wa kutambaa ambao maua yake yalikuwa yakinasa nondo. Ukimnasa jike kabla hajataga umeokoa mayai mamia. Hiyo ndiyo faida. Hasara yake ni kwamba harufu inayosema "chakula hapa" inasikika na kila mwenye njaa, nyuki akiwa wa kwanza. Mjomba wangu ana mizinga minne. Sitaki kuwa mtu aliyemweleza kwa nini nyuki wake wanazama kwenye maji ya sabuni.

Mtu akiniuliza ni wapi upande wetu huu harufu imefanya kazi kweli shambani, na si kwenye picha ya WhatsApp, nitamwambia avuke Ziwa Viktoria. Mimi nilivuka kwa feri ya Luanda Kotieno hadi Mbita, kumtembelea shemeji. Pale Mbita ndipo ilipo kambi ya icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, iliyopewa jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeanzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Zeyaur Khan wa icipe na John Pickett wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, pamoja na wenzao, ndio waliounda mpango ambao wakulima wanauita sukuma-vuta, na tangu 1997 umekuwa ukisambazwa mashambani. Katikati ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ya kumsukuma nondo. Kuzunguka shamba unapanda nepia, nyasi ndefu za ng'ombe, ya kumvuta.

Si harufu ya maua, nakubali, ni ya majani. Ila sikiliza inavyopangwa. Nondo wa kipekecha bua hutafuta pa kutagia giza linapoingia. Watafiti walipima, wakakuta kwamba katika saa ya kwanza ya usiku nepia huongeza harufu inayotoa takriban mara mia, wakati mahindi huongeza kama mara kumi tu. Yaani nepia anapiga kelele saa ileile mgeni anapobisha hodi. Na anayekuja si dume anayetafuta manukato. Ni jike, na mayai yake tumboni. Anataga kwenye nepia. Watoto wanatoboa bua, bua linatoa utomvu unaonata, wengi wao wanafia humo.

Shemeji alinipeleka ukingoni mwa shamba lake jua likizama, kana kwamba ningeweza kusikia harufu yenyewe. Nilisikia mavi ya ng'ombe na samaki wa kukaangwa. "Wewe si nondo," akaniambia, akakata mzigo wa nepia kwa ajili ya maziwa ya kesho.

Hilo la maziwa usilipite. Mtego wake unalishwa ng'ombe. Desmodiamu nayo inalisha ng'ombe, inarutubisha udongo, na mizizi yake inaidanganya mbegu ya kayongo, gugu linalonyonya mahindi, ile tunayoiita oluyongo kwetu, ichipue pasipo na mahindi ya kunyonya ife. Hata msimu ambao hakuna kipekecha, shemeji hajapoteza kitu. Kuhusu desmodiamu, wanasayansi wenyewe bado wanabishana kama nondo anafukuzwa na harufu yake au na mengine kama vile vinyweleo vyake. Mkulima wa Mbita anavuna huku wakibishana. Chupa yangu ya Butula, kwa upande mwingine, ilikuwa inalisha nini? Majivuno yangu.

Msimu uliofuata sikuongeza chupa. Nilitundika ileile moja. Na kabla ya kuitundika tulizunguka, mimi na mama, kwa majirani wanane ambao miembe yao inaonana na yetu. Mzee mmoja alitusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama tunamlipa. Wawili walikataa kwa upole wa kwetu, yaani walikubali na hawakufanya. Watano walifanya.

Tulichowaomba hakina harufu nzuri. Okota kila embe linaloanguka, kila siku, kabla funza hajatoka kwenda kujizika kwenye udongo. Litie kwenye mfuko mweusi wa nailoni, funga, acha juani siku kadhaa mpaka waliomo waive. Mapera vilevile. Embe zuri la kuuza, lifunge kwa gazeti lingali gumu. Na yule jike ambaye methili yujenoli haimwiti, mwite kwa njaa yake: anahitaji protini ili mayai yakomae, na kuna chambo cha chachu kinachochanganywa na dawa kidogo sana na kupakwa sehemu moja ya shina au majani, si mti mzima. Icipe ilitengeneza chambo cha namna hiyo kwa masalio ya chachu ya viwanda vya bia. Mjomba wa mizinga alifurahi aliposikia kwamba hatupulizi miti. Aliposikia neno bia alifurahi zaidi.

Basi chupa ikarudi kwenye kazi ambayo yule supavaiza wangu aliijua. Inasema. Kila Jumatatu mama anamwaga maji juu ya gunia, anahesabu. Miwani yake haimsaidii kwa wadudu wadogo, kwa hiyo amejitungia namna yake: kila nzi kumi, punje moja ya mahindi kwenye mkebe wa chai. Nilimwonya kwamba chambo kikizeeka hesabu hushuka hata kama nzi wapo, kwa hiyo amechora kwa mkaa ukutani tarehe ya kukibadilisha, pembeni ya tarehe ya ndama kuzaliwa.

Sitasema maembe yote yamepona. Yale ya kienyeji yenye nyuzi bado yanaliwa, na kwa kweli hatukuyafunga hata moja. Ya ngowe, mama aliyabeba Bumala mara nne kabla ya Krismasi. Kuna mnunuzi mmoja pale, mama wa Kisumu anayejaza gari kwa ajili ya soko la Kibuye, ambaye hupasua embe moja kutoka kila ndoo kabla ya kutaja bei. Alipasua la mama, akalitazama, akapasua jingine. Kisha akalila palepale, na ganda.

Juzi nikiwa kwenye safu zangu Naivasha, lenzi jichoni, simu ikatetemeka mfukoni. Tunakatazwa kupokea tukiwa kazini. Nikatoka nje ya mlango wa wavu, nikapokea.

"Punje mbili wiki iliyopita," mama akasema. "Leo punje tisa."

"Mapera ya nani yameiva?"

"Ya mzee. Yule wa kutaka kulipwa."

"Basi anzeni mifuko, mama. Usingoje maembe yaguse rangi."

"Mifuko nilianza jana, baba. Nakupigia unitumie pesa ya mingine. Nimempelekea mzee yote."